Neno Lililomfukuza Baba Kazini

Baba yangu alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha kuchambua pamba kando ya ziwa, na siku walipomwondoa walimwandikia kwa Kiingereza. Hasira ya jambo hilo nimekaa nayo miaka mingi kuliko umri niliokuwa nao lilipotokea. Watu huniambia yamepita. Yamepita kwa nani?

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Redio ilisema soko huria asubuhi, mchana na jioni. Maduka ya katikati ya mji yalijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu kwa wenye ndugu Nairobi. Ndege kubwa zilishuka kwenye uwanja wa kule Ilemela kuchukua minofu ya sangara, na sisi wa Mkuyuni tulinunua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kwenda zake. Nilikuwa kidato cha tatu, nipo nyumbani kwa likizo, na nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyesoma Kiingereza. Nilijivuna nacho. Nilikuwa nasoma kwa sauti maandishi ya kwenye makopo ya maziwa ili wadogo zangu wanisikie.

Baba alikuwa fundi mitambo. Alitoka Mara, Mjita, akaja Mwanza kijana na kuanza kazi kwa kubeba marobota ya pamba, halafu mafundi wakamwona ana mkono wa ufundi, wakamvuta kwenye mashine. Shuleni aliishia darasa la nne. Kiswahili alikisoma bila kukwama. Gazeti likimfikia, hata la wiki iliyopita, alilimaliza lote mpaka matangazo ya vifo. Na kule kiwandani kila kitu kilibandikwa kwa Kiswahili: zamu, mikutano, namna ya kuzima moto, hata karipio la mlevi fulani aliyelala juu ya pamba na sigara. Ndiyo maana Ijumaa ile alipoingia na bahasha mkononi na kuniita, sikuelewa mara moja anataka nini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu nisomee hii."

"Si usome mwenyewe?"

"Nimejaribu. Ni lugha yenu hiyo."

Ilikuwa karatasi moja, imepigwa chapa vizuri, ina mhuri. Nilielewa tarehe, nikaelewa jina lake na namba yake ya kazi. Nikaelewa yale maneno ya kawaida ya barua, kwamba wanapenda kumjulisha kuwa ametangazwa kuwa kitu fulani kuanzia Jumatatu. Kisha nikafika kwenye kitu chenyewe. Redundant.

Sikuwahi kuliona. Nililirudia kimya mara mbili tatu, huku baba amesimama mbele yangu na mama amesimama mlangoni na mwiko wake. Ningesema sijui. Hilo tu. Ningesema, "Baba, neno hili silijui, nisubiri nimuulize mwalimu." Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa msomaji wa nyumba.

Nililijua neno jingine, abundant. Mwalimu wa jiografia alilitumia kila alipozungumzia mvua ya Bukoba: mvua ya kutosha na kuzidi, mvua ya neema. Nikaona maneno haya yanafanana mkia. Nikajua pia kwamba re mwanzoni mwa neno la Kiingereza mara nyingi ni kurudia. Nikajumlisha. Aya ya pili ilikuwa na neno benefits, na shuleni tuliambiwa hizo ni faida. Mwisho walimshukuru kwa utumishi wake na kumtakia mafanikio. Ningeona wapi msiba?

"Wanasema umezidi, baba," nikamwambia. "Umejaa, umepita kiwango. Wamekutangaza hivyo kuanzia Jumatatu. Na kuna faida utapewa."

"Nimepita kiwango?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini wasiseme kwa Kiswahili?"

Mama ndiye aliyejibu. "Labda ni cheo. Barua za wakubwa si huwa za Kiingereza?"

Baba akaichukua barua, akaitazama tena kwa muda. Halafu akacheka kicheko kidogo cha puani, kile alichocheka mashine iliyomsumbua siku mbili inapoitika. Kicheko hicho nakikumbuka kuliko mengine yote. Natamani nisingekisikia.

Kesho yake wakaja wenzake watatu na barua zao. Mmoja alikuwa mzee wa mizani, aliyepima pamba ya wakulima kiwandani hapo tangu baba hajaajiriwa. Waliketi uani, nikasoma barua moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa barua ileile, jina tu ndilo lililobadilika. Ningeshtuka hapo. Fundi, mpima mizani, mlinzi wa ghala na dereva wa trekta wanapandaje wote siku moja kwa maneno yaleyale? Baba alijaribu kuuliza. Mzee wa mizani akamjibu kwa uhakika wa mtu mwenye mvi.

"Hiyo ndiyo soko huria. Wenye mali wapya wanakuja, wanatafuta wazoefu. Walidhani watapata wapi watu kama sisi?"

Akaagiza soda, kreti nzima, watoto wa majirani wakanywa. Mama alinunua sato mzima, na siku ile hatukula mapanki.

Jumatatu asubuhi nilitoka pamoja na baba kwa sababu njia ya kwenda kununua mapanki ilipita karibu na kiwanda. Alivaa shati jeupe. Mzee wa mizani tulimkuta barabarani amevaa koti la suti, jeusi, linanuka dawa ya nondo ya kabatini. Alisema ni koti la harusi yake. Tukatembea pamoja, wao mbele, mimi nyuma na beseni langu.

Getini kulikuwa na watu wengi wamesimama. Askari wa geti alikuwa kijana wetu wa Mkuyuni, aliyekuwa akija nyumbani kula sikukuu. Alimwona baba, akainamisha macho.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Fungua."

"Nimeambiwa walio kwenye orodha hii wasiingie."

"Orodha gani?"

"Ya ridandansi."

"Ndiyo, sisi ndio hao," akasema mzee wa mizani, na akaliweka koti lake sawa mabegani.

Kuna mtu alicheka. Alikuwa karani, yuko upande wa ndani wa geti, kalamu sikioni. Hakucheka kwa ubaya, nadhani, alicheka kama mtu anayeona mtoto amevaa kiatu mguu usio wake. "Wazee," akasema, "ridandanti maana yake mmezidi, hamtakiwi. Kazi hamna. Nani aliwaambia vingine?"

Mzee wa mizani aligeuka akanitazama. Baba hakugeuka. Nilimwona tu mgongo wa shati jeupe, na jasho lilianza kulitia doa katikati. Nililiacha beseni pale chini nikakimbia.

Nilidhani atanipiga. Alirudi mchana, akala, akalala, akaamka, akakaa kwenye kigoda chake. Jioni ndipo aliponiita.

"Neno lile ulifundishwa na nani?"

"Sikufundishwa na mtu. Nilikisia."

"Usikisie tena. Kesho tunakwenda kulitafuta."

Tulikwenda maktaba ya mkoa. Baba hakuwahi kuingia mle. Mama mmoja wa maktaba alitazama mikono yake, ile mikono ambayo grisi ilishaingia kwenye mistari ya viganja ikakataa kutoka, akatuuliza tunataka nini, na nilipomwambia tunataka kamusi kubwa ya Kiingereza kuliko zote akaileta mwenyewe, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Baba akakaa kando yangu, ametega sikio.

Nikasoma, safari hii polepole, nikitafuta neno kwa neno nisipoelewa. Maana ya kwanza: kitu kilichozidi, kisichohitajika. Ya pili: maneno yanayosema jambo lililokwisha kusemwa, kama mtu kusema amepanda juu. Ya tatu ilikuwa ya wafanyakazi, na kamusi ilieleza ni matumizi ya Uingereza: mtu anayeondolewa kazini kwa kuwa kazi yake haipo tena.

"Lakini ipo," baba akasema. "Mashine zipo. Pamba ipo, msimu huo unakuja. Endelea."

Ya nne ilikuwa ya mitambo, na nilimwona akiinama mbele. Kamusi ilisema kwamba kwa wahandisi neno hilohilo ni kifaa cha ziada kinachowekwa makusudi, ili kile cha kwanza kikifa, kazi isisimame.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo ni pampu ya pili ya moto," akasema, na sauti yake ikapanda mpaka mama wa maktaba akainua kichwa. "Tuna pampu mbili za kuzimia moto. Ya pili haifanyi kazi mwaka mzima. Tunaifunika turubai, tunaifungia, kila mwezi naipaka mafuta kwa mkono wangu huu. Kwa nini? Kwa sababu pamba inaungua! Hiyo ndiyo lidandanti. Inatunzwa. Nani hutupa spea nje?"

Kama Wajita wengi wa rika lake alichanganya r na l, na siku nyingine ningemcheka moyoni. Siku ile sikucheka.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kamusi ilieleza neno lilikotoka. Nikamwambia limetoka Kilatini, lugha ya zamani ya Warumi, na ndani yake mna neno unda.

"Unda? Kama kuunda mtumbwi?"

"Hapana baba. Kwao unda ni wimbi."

"Wimbi limefanya nini?"

"Limejaa mpaka limemwagika na kurudi."

Nikafunua kurasa za mwanzo kulitafuta lile neno langu la jiografia, na nikalikuta, abundant, nalo lina wimbi lilelile ndani yake. Maneno yale ni ya tumbo moja. Sikuwa nimekisia vibaya kama nilivyodhani. Ungetegemea nifarijike. Nilichosikia ni hasira ya kwanza ya kweli ya maisha yangu, na ilinijia kifuani kama kiungulia. Mvua ikizidi wanaiita neema. Mtu akizidi wanamfungia geti, na wanatumia wimbi hilohilo. Nani alikaa akaona hayo ni mambo mawili tofauti?

"Yaandike yote kwenye karatasi," baba akasema. "Kwa Kiswahili."

Niliandika. Akaikunja akaitia mfukoni pamoja na barua, na tukatoka moja kwa moja hadi kiwandani. Askari alitupisha kwa sababu wote waliopewa barua walitakiwa wafike kwa afisa utumishi kutia saini nakala zake. Wengi walishasaini. Mzee wa mizani alisaini siku ileile ya Jumatatu, akiwa bado na koti lake.

Afisa utumishi alikuwa mtu mzima, wa umri wa baba, mwenyeji wa kanda yetu hiihii. Kwenye mikutano ya wafanyakazi alizungumza Kiswahili kizuri sana, chenye methali. Alimkaribisha baba kiti. Mimi nilisimama.

"Saini hapa, mzee, ili mafao yako yaanze kushughulikiwa."

"Nitasaini nikiisoma."

"Si una binti msomi?"

"Alisoma akakosea. Asingekosea kama mngeandika kwa lugha tunayozungumza mimi na wewe hapa."

"Hizi ni taratibu. Mfano wa barua umetoka juu, kwa wataalamu. Na hata hivyo neno lenyewe halina Kiswahili."

"Halina?"

"Halina. Ndiyo maana watu wanasema ridandansi."

Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi nyingine, ya zamani, ya rangi ya chai. Sikujua kuwa amekuja nayo. Ilikuwa barua yake ya kuajiriwa. Akaiweka juu ya meza, akaigeuza ielekee kwa afisa.

"Mimi nimeajiriwa kwa Kiswahili. Soma. Sasa kama la kuniondoa halina Kiswahili, basi halijanifikia. Nikirudi kesho nianzie zamu gani?"

Afisa alinigeukia mimi, na ghafla akaanza Kiingereza. Aliniuliza kama hicho ndicho ninachofundishwa huko shuleni, kumtia baba yangu kiburi, na kama najua kwamba kwa ukaidi huu nitakosa hata ada. Alizungumza kwa upole, akitabasamu, ili baba afikiri ananisifu.

Nilikuwa nimeapa kutokisia, na hapa hapakuwa na la kukisia. "Baba," nikasema kwa Kiswahili na kwa sauti, "anasema nakutia kiburi. Anasema ukikataa kusaini nitakosa ada."

Tabasamu likamwisha. Karani wa chumba cha pili aliacha kupiga chapa.

"Binti, huna adabu," afisa akasema.

"Amefasiri tu," baba akasema. "Wewe ndiye uliyesema."

Yule bwana akaegemea kiti, na nadhani alichosema hapo alikisema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana sijamsamehe. "Mzee mwenzangu, nisikilize. Kiingereza kinapunguza ukali. Nikikuandikia kwa Kiswahili kwamba kiwanda hakikuhitaji, utajisikiaje?"

"Nitajisikia nimefukuzwa," baba akasema. "Si ndicho kilichonipata?"

Akachukua karatasi zake, akasimama, tukaondoka bila kusaini.

Wengine wanane walimfuata katika msimamo huo, na wiki zikapita. Sitaki kuandika kana kwamba ulikuwa wakati wa fahari. Nyumba ilikuwa chungu. Mama alianza kukaanga mapanki na kuyauza kando ya soko la Mkuyuni, na moshi wa mafuta ulimwingia kwenye nywele na nguo mpaka ukawa harufu yake. Na neno lile likapata miguu, likaingia mtaani. Mpirani mchezaji wa akiba akawa ridandanti. Kuku asiyetaga, ridandanti. Redio isiyo na betri, ridandanti. Jirani mmoja alimwambia mwenzake mumewe ameoa mke wa pili, kwa hiyo yeye sasa ni ridandanti, wakacheka wote wawili. Neno tuliloambiwa halina Kiswahili lilipata Kiswahili chake kwa muda mfupi, na halikumuuma aliyelileta.

Siku moja bombani mwanamke alisema, "Mpisheni mke wa ridandanti, ana haraka ya kwenda kukaanga vichwa." Mama alimwaga ndoo yake aliyokwisha kuijaza, akarudi nyumbani mikono mitupu, na hasira yote akaileta kwa baba.

"Saini! Wewe unagombania neno. Neno linaliwa?"

"Sigombanii neno."

"Unagombania nini?"

"Waniambie."

"Wamekwisha kukuambia! Geti limefungwa! Unataka wakuambie mara ngapi?"

Mama akakaa chini kwenye kizingiti, akalia, na ndiyo mara pekee niliyomwona akilia kwa sauti. Nilimwona mama ana haki. Nilimwona na baba ana haki. Nilikaa kati yao na kitabu cha Kiingereza magotini, nikakichukia kitabu chenyewe kana kwamba ndicho kilichotufanyia.

Mwishowe kilichowashinda hakikuwa haki. Kiwanda kilipata mnunuzi, na mnunuzi hakutaka kukabidhiwa majalada yenye mapengo. Afisa utumishi akamtuma mtu nyumbani kumwita baba. Nilikwenda naye tena. Safari hii hapakuwa na kiti wala methali. Karatasi ilisukumwa juu ya meza, na ilikuwa kwa Kiswahili, mistari minne. Baba aliisoma mwenyewe, kwa sauti, amesimama, kidole kikifuata maneno. Kiwanda hakikuhitaji tena. Umeachishwa kazi. Hukufanya kosa lolote. Utalipwa mafao yako kwa mujibu wa sheria.

Alirudia mstari wa tatu mara mbili. Katika barua ya Kiingereza mstari ule haukuwemo. Nimekwisha kuipitia barua ile mara nyingi, naijua kwa moyo, haukuwemo.

"Sasa mmesema," akasema, akasaini.

Yaliyofuata yalikuwa maisha tu. Nilirudi shule na ada pungufu, nikafukuzwa mara mbili, nikarudi, nikamaliza. Baba alihamia Kigongo, kwenye gati la kivuko cha kwenda Busisi, akajenga kibanda na kutengeneza injini za boti za wavuvi. Mama alikataa kumfuata kwa mwaka mzima, halafu akaenda.

Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia nilipokutana na mzee wa mizani. Alikuwa kwenye foleni ya kivuko, amebeba gunia la dagaa. Tangu siku ile ya geti alikuwa amerudi kwao Sengerema, na hakuniaga wala hakumuaga baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ndiye msomaji."

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka, na yote yalitoka hovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuchukia wewe mwaka mzima," akasema. "Ilikuwa rahisi. Wewe nilikujua sura. Aliyetunga barua ile sijui hata anakaa wapi." Kivuko kikafungua lango, akainua gunia lake. "Usiniombe radhi tena. Inanichosha."

Msimu wa pamba uliofuata, mnunuzi alipowasha tena mitambo, mashine kuu iligoma. Mafundi wake wapya walihangaika nayo siku nne, na pamba ya wakulima imejaa uani, mawingu ya mvua yameshuka. Wakamtuma dereva na gari hadi Kigongo kumtafuta baba. Mama alinisimulia kwamba hawakumpa hata kazi ya muda. Walimwita kibarua, wa siku moja.

Na baba akaenda. Alipanda gari lao na mfuko wake wa spana, akaingia kwa geti lile, akailaza mashine akabadilisha beringi, ikawaka. Jioni wakamrudisha.

Niliposikia nilipanda basi nikaenda Kigongo kwa ajili ya kugombana naye tu. Sikuwahi kumpandishia baba yangu sauti, lakini siku ile nilimpandishia mbele ya wavuvi. Nilimuuliza kama amesahau shati jeupe. Kama amesahau mama bombani. Nilimwambia angewaacha pamba yao inyeshewe yote, ioze, wajifunze nani anazidi.

Alikuwa anafuta kabureta kwa kitambaa. "Mashine haikuniandikia barua," akasema. "Na pamba si yao. Ni ya wakulima."

Sikuridhika na jibu lile na sijaridhika hadi leo. Sasa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari Ilemela, na baba ni mzee, masikio yamekuwa mazito, injini zimemaliza usikivu wake. Tunapendana. Lakini likija suala la siku ile aliyowatengenezea mashine tunagombana upya, na mama hutuambia tunyamaze, chai inapoa. Mimi nasema hakupaswa kwenda. Yeye anasema nilikuwa mtoto, sijui mashine. Ningekuwa mimi, wangenikuta Kigongo nimekaa, na ningewajibu kwa Kijita.